Siku Niliyosema Sijaolewa

Nakumbuka siku moja, Jumamosi kabla ya saa sita mchana, niliposimama katikati ya nyumba ya baba yangu kule Masinya, mbele ya wakwe zangu walioketi na kofia zao magotini, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Mimi sijaolewa." Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimeishi na mume miaka mitatu. Na mume huyo alikuwa ameketi palepale, hatua nne kutoka kwangu, akinitazama.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu nasikia siku hizi mnabishana sana ndoa ni ipi. Mmoja anasema ni cheti, mwingine anasema ni mahari, mwingine anasema ni mapenzi tu na hayo mengine ni mambo ya wazee. Bishaneni, sikatazi. Sisi pia tulibishana, na mimi nilibisha kuliko wote, mpaka nikakaribia kuivunja nyumba ya mtu ambaye hakuwa amenikosea lolote. Keti basi nikueleze. Mimi ni mzee, sina haraka, na hata nikizungukazunguka kidogo utanivumilia.

Jina langu ni Nabwire, Msamia wa Masinya. Nilisoma hadi darasa la sita katika shule ya misheni, jambo ambalo kwa msichana wa wakati ule halikuwa dogo, na nisikufiche, lilinipanda kichwani. Barua za jirani zetu wote nilizisoma mimi. Mtu akija na barua mkononi nilimwacha asimame kidogo kwanza, ajue anamsubiri nani.

Mume wangu aliitwa Owora, Mpadhola wa Nabuyoga, mrefu, mpole, mwenye kuanza kucheka kabla hujamaliza kumwambia jambo la kuchekesha. Kazi yake ilikuwa baiskeli. Miaka ile Uhuru ulikuwa umekuja kwetu Uganda, kisha kwa jirani zetu Wakenya, na mpaka wa Busia ukaanza kuwa mpaka kweli, na kizuizi upande huu na kizuizi upande ule. Katikati palikuwa na kipande cha barabara cha kutembea kwa miguu na mzigo kichwani, jua likikuchoma. Owora alifunga mto nyuma ya baiskeli yake, mto niliomshonea mimi kwa kitambaa cha maua, akawa anawavusha watu na mizigo yao. Wenzake walimcheka kwa ajili ya yale maua. Yeye aliwajibu kwamba akina mama wanayaona maua kwanza, wanamchagua yeye, nami nilijifanya sikusikia.

Alinioa kwa njia ya wazee. Watu wa Nabuyoga walikuja Masinya, wakarudi, wakaja tena. Walisemezana na watu wetu kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyetaka kuzungumza jambo kubwa kama lile kwa lugha ya mwenzake na kuonekana mtoto. Ng'ombe waliletwa, mbuzi akachinjwa, na shangazi yangu Taaka, dada ya baba yangu, akanishika mkono akanipeleka kwa wakwe zangu. Hakukuwa na pete, hakukuwa na padri, hakukuwa na karatasi. Wala hakuna aliyeviulizia.

Tulipanga chumba Busia, upande wa Uganda. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mama Apio, mwenye watoto wanne. Mumewe alikuwa kibarua katika kambi ya kutengeneza barabara, akaugua wiki moja tu akafa. Baada ya mazishi Mama Apio aliniomba nimsindikize ofisini kwao, maana mimi najua kusoma, akaulizie haki ya marehemu. Karani alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe ni nani kwake?" akamuuliza.

"Mimi bibi yake."

"Cheti ya ndoa iko wapi?"

Mama Apio akaonyesha watoto. Karani akasema watoto si cheti, hata mtu asiye na ndoa anazaa, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yetu. Njia nzima ya kurudi Mama Apio hakulia. Alikuwa akisema tu kwa sauti ya chini, tena na tena, "Mimi nani kwake. Mimi nani kwake."

Swali lile, mwanangu, liliniingia likakaa. Nilikuwa nikimtazama Owora asubuhi akijaza upepo kwenye magurudumu, huku akipiga mluzi, nami nawaza malori yale ya mpakani na madereva wake waliokunywa. Akigongwa, nitaulizwa mimi ni nani kwake. Nami nitaonyesha nini? Sikuwa hata na watoto.

Basi nikamwambia, "Owora, twende kwa padri tufunge ndoa ya pete."

Akacheka. "Wazee nalikaa siku ngapi kwa ajili yetu? Bado unataka karatasi? Karatasi ni ya watu hawaaminiani."

Nikamwambia mara ya pili, akasema tutaona. Nikamwambia mara ya tatu, akasema baada ya mavuno. Wewe ukiolewa utalijua hilo neno "baada ya mavuno." Ni hapana iliyovaa nguo nzuri.

Kiburi cha darasa la sita kikanipanda. Nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali, nikamkuta karani mwingine, kijana, mwenye kalamu mbili mfukoni kana kwamba moja ingeweza kuugua. Nikamuuliza waziwazi, je, mimi nimeolewa? Akaniuliza kama nina cheti. Nikasema sina.

"Basi kwa kitabu hii yetu," akasema, "wewe bado ni msichana tu." Akacheka, na leo najua alikuwa anatania nusu. Siku ile sikuusikia utani. Nilirudi chumbani, nikafunga nguo zangu kwenye shuka, nikaenda kwa baba.

Kwetu mke akienda kwao kwa hasira si ajabu. Mume humfuata na wazee wake, watu wanakaa, wanasemezana, wanakula, mke anarudi na kanga mpya. Kila mtu anaujua mwendo wake. Hata mimi, kusema kweli, nilikuwa nachungulia barabarani kila siku nione kama nafuatwa. Siku ya tano wakaja: Owora, na baba yake Mzee Ochwo, na mjomba wake mmoja. Mama akakimbilia kuku.

Baba akaniita. "Nabwire, sema. Mume wako amekukosea nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema habari za Mama Apio. Ningeweza kusema kwamba naogopa. Lakini kuogopa ni jambo la aibu kulisema mbele ya watu, na kujua kusoma ni jambo la fahari. Nikachagua fahari. "Mimi sijaolewa," nikasema. "Hata serikali imesema. Nimeuliza ofisini."

Jikoni nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini taratibu. Mzee Ochwo, ambaye kwa heshima sikuwahi kumtazama usoni tangu niolewe, akasimama polepole akavaa kofia yake.

"Baba Wandera," akamwambia baba yangu, kwa jina la kaka yangu, "sisi hatukuja kupigana. Kama huyu binti hajaolewa, basi ng'ombe yetu nalikuja hapa kutembea tu. Jumamosi ingine tunakuja kuchukua."

Wakatoka. Hawakuonja chakula. Mkwe kuondoka kwako na njaa, kuku akiwa jikoni, ni zaidi ya matusi. Owora alitoka wa mwisho, akageuka mlangoni, nikadhani atasema neno. Alinitazama kama mtu aliyemwita rafiki yake sokoni, naye alipogeuka akakuta ni mgeni. Kisha akaenda zake.

Sasa hapa ndipo wewe wa siku hizi unahitaji kuelezwa. Ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu hawakuwa tena kwa baba. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: msichana anaolewa, na ng'ombe wake wanakwenda kumwoa mke wa kaka yake. Kaka yangu Wandera alikuwa amewachukua walewale, akawavusha mpaka, akamwoa Nekesa upande wa Kenya. Baba hakuwa na wengine, ugonjwa ulikuwa umemaliza zizi lake mwaka uliotangulia. Kwa hiyo ikiwa mimi sijaolewa, ng'ombe watatakiwa Nabuyoga. Ili warudi Nabuyoga lazima watoke kwa kina Nekesa. Na wakitoka kwa kina Nekesa, Nekesa hana ndoa. Naye alikuwa na mimba ya miezi minane.

Usifikiri sikuyajua haya. Niliyajua kama ninavyolijua jina langu. Ila siku ile sikuyafikiria, nilijifikiria mimi na karani wangu. Nimezeeka na bado jambo hilo linanitia haya.

Hakuna aliyenigombeza, na afadhali wangenigombeza. Baba aliacha kuniita. Wandera alianza kulia chakula chake nyuma ya ghala, peke yake. Mama aliniwekea sahani bila kunitazama. Nekesa peke yake ndiye aliyeendelea kuniita wifi, tena kwa sauti ileile ya kila siku. Asubuhi aliniletea maji ya kuoga, ndoo imemlemea na tumbo mbele, mpaka nikamwomba aache.

Jumatano akaja shangazi Taaka. Alikuwa ameolewa Mella, kwa Wateso, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kwetu shangazi ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia msichana yale ambayo mama yake anaona haya kuyasema, na huyu aliitumia ruhusa yake yote. Hakunisalimia. Aliketi, akavua viatu, akanywa maji kikombe kizima. Kisha akanisemesha kwa Kisamia, nami nakuandikia kwa Kiswahili.

"Nasikia serikali imekufanya bikira tena. Hongera."

Nikaanza kujitetea. Nikamweleza kila kitu, karani wa kwanza na wa pili, Mama Apio na watoto wake, malori, baada ya mavuno. Alinisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza akauliza, "Habari za huyo mjane, Owora amezisikia?"

"Hajazisikia," nikasema.

"Ulimwambia unaogopa, au ulimwambia unataka pete?"

"Nilimwambia nataka pete."

"Haya. Mwanamke anaogopa mumewe atakufa. Badala ya kumwambia naogopa utakufa, anamwambia hujanioa. Sasa yeye, maskini, angejuaje kwamba huko ni kumpenda?" Akatikisa kichwa. "Na huyo karani wako. Wewe ulimuuliza kama umeolewa, yeye akakujibu kama una karatasi. Karatasi kweli huna. Hajakosea. Lakini kama una mume au huna, hilo karani angelijua wapi? Alikuwepo siku nilipokupeleka Nabuyoga, ukilia njia nzima mpaka ukanilowanisha bega? Mimi nilikuwepo. Baba yako alikuwepo. Mzee Ochwo alikuwepo. Umetufuta wote kwa neno la kijana wa kalamu mbili."

"Shangazi, kwa hiyo nisitafute cheti?"

"Nani amesema? Kitafute! Dunia imebadilika, ofisi zimekuwa nyingi kuliko wazee, na ningekuwa na macho ya kusoma hata mimi ningekuwa nacho, nimekiweka chini ya godoro. Kitafute. Lakini hutakipata kwa kututupa sisi." Akavaa viatu. "Simama. Bado hujaona kitu."

Alinishika kifundo cha mkono, kama mtoto, akanivuta mpaka nyumba ya Wandera. Mlango ulikuwa wazi. Nekesa alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha kwa ajili ya tumbo, na mbele yake kulikuwa na mafungu mawili ya vyombo. Fungu moja lilikuwa la vitu alivyokuja navyo kutoka kwao: chungu, sufuria mbili, taa, jembe, nguo zake. Fungu la pili lilikuwa la vitu alivyovikuta hapa. Katikati, mkononi mwake, alikuwa ameshika beseni dogo la bati lenye ua la buluu.

"Afadhali umekuja, wifi," akasema. "Hili beseni ulinipa mimi, au ulimpa Wandera? Nimejaribu kukumbuka nimeshindwa. Sitaki niondoke na kitu cha watu."



Shangazi akamuuliza, "Na mtoto, mama?"

Nekesa akaweka mkono tumboni. "Huyu hata sijui nimweke fungu gani. Ng'ombe wakiwa kwetu ni wa hapa. Wakitoka, sijui atakuwa wa wapi." Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anahesabu tu mambo yake vizuri, asije akasumbua mtu siku ya kuondoka.

Nililia, mwanangu. Nimelia mara nyingi maishani, nimezika wazazi na mume, lakini kilio kile kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa. Niliporudiwa na nguvu nilipiga magoti, nikaanza kuvichukua vile vyombo kimoja kimoja nikavirudisha mahali pake. Nekesa naye akawa analia huku akinielekeza. "Hapana, wifi, hiyo sufuria inakaa chini. Taa juu. Hapo hapo." Shangazi Taaka alisimama mlangoni ametupa mgongo, akijifanya anaangalia kuku.

Jumamosi wakwe zangu walikuja kama walivyosema. Walikataa kuingia ndani. Walisimama uani, na Owora aliegemea baiskeli yake, mto wa maua ukiwa umefungwa nyuma. Haikuwa desturi mimi kusema kwanza, lakini neno lililosemwa na mdomo wangu nani mwingine angelirudisha? Nikapiga magoti mbele yao wote, nikasema kwa Kiswahili ili pasiwe na wa kutafsiriwa.

"Wiki iliyopita nilisema sijaolewa. Nilisema uongo. Nimeolewa na Owora, nimeolewa tangu siku shangazi aliponifikisha kwenu. Nilichotaka kusema ni kwamba naogopa."

Nikawaeleza habari za Mama Apio. Nikawaambia, "Siku Owora akipatwa na jambo barabarani, ninyi mtakuwa mbali, nami nitakuwa peke yangu na karani. Ninyi mnajua mimi ni nani kwake. Karani hajui. Nataka kitu cha kumwonyesha."

Mzee Ochwo akazungusha kofia mikononi. Nilingoja aseme juu ya ng'ombe. Akasema, "Huyu mama, watoto yake nakula nini sasa?"

Nikamwambia wanakula kwetu siku nyingine, na kwa majirani siku nyingine. Akaitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata gunia la mtama lilifika Busia kutoka Nabuyoga, na hakuna aliyelieleza. Lakini siku ile alimgeukia mwanawe.

"Owora, bibi yako nakuomba hiyo karatasi mara ngapi?"

"Mara tatu, baba."

"Na wewe nasema nini?"

"Nalisema baada ya mavuno."

"Mavuno gani?" Mzee akaitazama baiskeli, akamtazama mwanawe. "Wewe nalima baiskeli?"

Shangazi Taaka ndiye aliyeanza kucheka, kisha Wandera, kisha baba yangu, ambaye nilikuwa sijaona meno yake wiki nzima. Owora alicheka wa mwisho, na safari ile moja maishani mwake alichelewa kucheka. Wakaingia ndani wakala, wakaomba kuongezewa. Tulipobaki wawili nje akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu mwanzo kwamba naogopa. Nikamuuliza kwa nini hakuuliza. Tukaliacha hapo, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa na jibu na hakuna aliyelitaka.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hata mimi nilidhani. Majina yetu yakatangazwa kanisani Jumapili tatu, na siku ya ndoa wote walikuja: baba na mama, Mzee Ochwo, shangazi kutoka Mella akiwa na viatu vipya vilivyombana, Wandera na Nekesa na binti yao mchanga, ambaye walikuwa wamemwita Taaka. Kabla ya misa padri alituita chumba cha pembeni kujaza kitabu. Alikuwa mzee mwenye haraka: jina, umri, kijiji, baba ni nani. Nilikuwa nasoma kila herufi kichwa chini, kama ilivyokuwa tabia yangu. Akafika mahali penye nafasi ndogo.

"Hali kabla ya ndoa," akasema, huku kalamu imeshagusa karatasi. "Hajaolewa."

Nyuma yangu nilisikia viatu vya Mzee Ochwo vikisogea. Nekesa akaacha kumbembeleza mtoto.

"Padri," nikasema, "tafadhali usiandike hivyo."

"Niandike nini?"

"Nimeolewa."

Akaweka kalamu chini. "Nani amekuoa?"

"Huyu." Nikamwonyesha Owora.

"Sasa mmekuja kufanya nini hapa?"

"Tumekuja utuandike."

Akanieleza kwa upole, na upole wake nakumbuka mpaka leo. Kitabu kina maneno yake. Kama nimeolewa, hawezi kuniozesha. Kama anataka kuniozesha, lazima aandike sijaolewa. Ni neno moja, akasema, halimdhuru mtu, na hakuna atakayelisoma.

"Mimi nitalisoma," nikasema.

"Mama, bila neno hilo sina cheti cha kukupa."

Elewa, mwanangu, nilivyokuwa nakitaka kile cheti. Nilikuwa nimekitaka mpaka nikakaribia kumtoa Nekesa nyumbani kwake. Kilikuwa mezani, hatua moja kutoka mkononi mwangu, na Mama Apio alikuwa kule kanisani na watoto wake wanne wamevaa nguo safi kwa ajili yangu. Nilimtazama Owora. Kisha nikamwambia padri, "Basi tutarudi bila cheti. Neno hilo nilishalisema mara moja. Silisemi tena."

Owora akakohoa. "Padri," akasema, "na kwangu pia, usiandike hajaoa. Mimi iko na bibi. Ni huyu."

Padri akatutazama sisi wawili, akawatazama waliojaa nyuma yetu hadi mlangoni, mtoto akaanza kulia. Akajikuna kipaji cha uso kwa muda. Kisha akachukua kalamu, na katika ile nafasi ndogo, kwa herufi za kubanana zilizovuka mstari, akaandika: Wameoana kwa mila, wao kwa wao. "Askofu akiuliza," akasema, "nitamjibu mimi." Akafunga kitabu akaenda kuvaa.

Basi nikuambie ninachotaka ukishike. Cheti kitafute, mwanangu, usikubali kuambiwa baada ya mavuno, awe ni nani anayekuambia. Sheria isiyokujua haitakusaidia siku ya shida, na nimewaona wanawake wengi wakionyesha watoto mahali panapotakiwa karatasi. Lakini usimpe karani kazi ya kukuambia una mume au huna. Yeye anaandika. Kuoana mnaoana ninyi, mbele ya watu wanaowajua, na mnaendelea kuoana kila siku mnapoamka. Usilitamke neno la kuvunja kwa sababu umekasirika tu au kwa sababu umelisoma mahali. Kabla hujalitamka, tafuta ni nani mwingine ameketi juu ya ndoa yako, maana yuko, hata siku hizi ambapo ng'ombe hawatembei tena. Na ukiogopa, sema naogopa. Usiseme jambo lingine.

Mungu akupe mtu atakayekuuliza unaogopa nini, na akupe wewe mdomo wa kumjibu. Akupe wakwe wenye kukaa wakala kwako mpaka waombe kuongezewa. Ukikosea, na utakosea, akuletee shangazi kabla ya Jumamosi. Na siku watakapotaka kukuandika vile usivyo, ili upate kile unachokitaka sana, akupe nguvu ya kusema hapana, na akuweke karibu na mtu atakayekohoa, aseme, na kwangu pia.